HESABU YA NG'OMBE SIYO HESABU YA MAMA

Wewe unayefuga ng'ombe wa gredi huko Londiani, bila shaka unayo kalenda ukutani. Siku ng'ombe alipotaka dume umeiandika, na zikitimia siku 21 wamwangalia tena. Analia, anapanda wenzake, anasimama akipandwa. Ukimwona asubuhi wamwita mpandishaji aje jioni. Hesabu hiyo ni njema, lakini ukiitumia nyumbani itakupoteza.

Ng'ombe hutoa damu kidogo siku moja hadi tatu baada ya kutaka dume. Damu yake, basi, iko karibu sana na siku ya kushika mimba. Pengine ndiyo sababu wako watu, waume kwa wake, wasemao kwamba mwanamke hushika mimba pale tu damu inapokwisha, na kwamba katikati ya mwezi hana hatari. Kwa wanawake wengi mambo ni kinyume.

Yai la mwanamke hutoka kimya, pasipo dalili ya kuonekana kwa mbali, kama siku 14 kabla ya damu ifuatayo. Tuseme mama ameona damu tarehe 1 Machi, naye kwa kawaida huona kila baada ya siku 28. Damu itarudi tarehe 29. Yai litatoka karibu na tarehe 15. Yai haliishi zaidi ya siku moja, lakini mbegu ya mwanamume yaweza kuishi siku tano tumboni ikilingoja. Kwa sababu hiyo mama ambaye damu yake hurudi baada ya siku 26 hadi 32 hufundishwa kujihadhari tangu siku ya 8 mpaka ya 19, akianza kuhesabu siku ya kwanza ya damu. Yule ambaye damu yake hurudi upesi, tuseme baada ya siku 21, yai lake hutoka mapema, hata aweza kushika mimba damu ikiwa imekwisha jana. Huyo asitumie hesabu hii.

Tena hesabu hii yataka mume mwenye subira. Katika wake 100 wanaoitegemea, kama 12 hushika mimba kabla mwaka haujaisha. Wenye kijiti cha mkononi hawafiki hata mmoja. Sindano ya miezi mitatu ni kama 4, kwa kuwa watu husahau tarehe ya kurudi. Kalenda ile ya ng'ombe ina nafasi ya kuandika na hiyo.

Jambo moja huwatisha akina mama: wakitumia sindano au kijiti, damu hupungua au hukoma. Husemwa kwamba damu imejazana tumboni. Sivyo. Dawa hufanya ngozi ya ndani ya tumbo la uzazi iwe nyembamba, basi hakuna cha kutoka. Koili ya shaba, ambayo hukaa miaka 10 au zaidi, huweza kuzidisha damu miezi ya kwanza. Na ukiacha sindano, mimba yaweza kukawia miezi mingi, basi anayetaka mtoto karibuni achague njia nyingine. Mpira ndio pekee unaozuia pia ukimwi.

Kenya ilianza mpango wa taifa wa kupanga uzazi mwaka 1967. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mama mmoja alizaa kwa wastani watoto 8. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulipata 3.4. Mashamba ya kugawia wana hayakuongezeka.

Bwana, siku unayopeleka viazi mjini, fuatana na mama mpaka kliniki. Mwuguzi atauliza damu ya mwisho ilianza lini, kama ananyonyesha, na kama ana shindikizo la damu, maana vidonge vingine havimfai mwenye shida hiyo. Tarehe za miezi mitatu au minne iliyopita ziandikeni kabla ya kutoka nyumbani.