Utepe Juu ya Vitundu
Mimi ni fundi wa ndege, na huwasimulia wanagenzi wangu wote kisa cha safari ya ndege ya Aeroperú 603. Oktoba 2, 1996, Boeing 757 iliruka kutoka Lima usiku wa manane. Walioiosha walikuwa wameziba kwa utepe vitundu vya ubavuni vinavyopima kanieneo ya hewa, wakasahau kuubandua. Kompyuta zikavurugika: kengele moja yasema mnakwenda kasi mno, nyingine yasema kasi haitoshi. Umwamini nani, gizani, juu ya bahari? Marubani wakamwuliza mwongoza ndege kimo chao. Akawasomea futi 9,700. Masikini, namba ile aliletewa na kompyuta zilezile za ndege! Bawa likagonga maji. Wakafa wote 70. Utepe wenyewe ulikuwa wa rangi ya fedha, juu ya bati linalong'aa. Ndiyo maana kwangu vizibo vya vitundu hivyo ni vyekundu, tena vyenye mkia mrefu.