Meli ya anasa ikitia nanga, nani huvuna?

ABIRIA wa meli ya anasa inayozunguka pwani ya Japani huwa amekwisha kulipia chumba, chakula na burudani kabla ya kupanda. Mji wa bandari hubakiwa na saa chache tu za kumuuzia kitu.

Hakodate, katika kisiwa cha Hokkaido, huzitumia saa hizo vizuri. Soko lake la asubuhi huuza ngisi, kaa na matikiti, na mgeni hula papo hapo.

Sheria nayo hugawa mapato. Kwa kawaida, meli yenye bendera ya kigeni hairuhusiwi kusafirisha abiria baina ya bandari za Japani pekee. Ndiyo maana nyingi hupitia Busan, Korea Kusini, na sehemu ya fedha huishia huko.

Biashara hii ina hatari pia. Februari 2020, Diamond Princess ilizuiwa Yokohama ikiwa na watu wapatao 3,700, na zaidi ya 700 waliambukizwa korona. Meli za kimataifa zilirejea mwaka 2023.

Miaka mitatu bila meli ni mingi kwa muuza samaki. Mgeni ni nyongeza. Mteja wa kudumu ni jirani.