Baada ya Ree Kushindwa

Katika Texas Hold'em, poka inayochezwa zaidi siku hizi, hakuna karata mbili za kuanzia zinazozidi jozi ya ree. Hata hivyo, mwenye ree mbili akipambana na mwenye wafalme wawili, wote wakaweka kila walicho nacho kabla karata za mezani hazijafunuliwa, ree hushinda takriban mara 82 katika 100. Zile 18 zilizobaki si uonevu wala mkosi. Ndivyo mchezo ulivyo.

Kichwa hulielewa hilo haraka, ila moyo haukubali. Mtazame aliyetoka kuliwa namna hiyo. Anagawiwa tisa ya kopa na nne ya shupaza, karata ambazo muda mfupi uliopita angezitupa papo hapo. Sasa anaingia nazo, tena kwa dau kubwa, kwa sababu aliyemla bado ameketi mbele yake. Hahesabu tena kilichomo mezani. Anataka pesa zake, na azitoe yule yule. Hasara ya kwanza ililetwa na karata. Ya pili anajitafutia mwenyewe.

Kwa hiyo utulivu haumo katika kukaza uso tu. Mwaka 2003, Las Vegas, mhasibu Chris Moneymaker alibaki na Sam Farha peke yao katika mashindano makuu ya World Series of Poker. Aliweka kila alicho nacho bila kuwa hata na jozi, huku Farha akiwa na jozi ya tisa. Watu husimulia jinsi Moneymaker alivyokaa kimya. Mimi naona uzito uko kwingine: mezani palikuwa na shupaza tatu, hivyo dau lake liliaminika kama la mtu mwenye shupaza nyingine mbili mkononi. Alizuga kwa hesabu. Farha alifikiri, akatupa karata, na baadaye ubingwa ukaenda kwa Moneymaker.

Mwenye hasira huzuga pasipo hesabu hiyo, na wenzake humwona. Dawa yake ni ya mapema: kiasi cha kupoteza kiamuliwe kabla ya kukaa, na kikiisha, mtu ainuke. Akiliwa vibaya, apitishe raundi kadhaa bila kucheza. Intanetini ni vigumu zaidi, maana karata mpya hufika kabla pumzi haijashuka.

Lakini anayecheza kwa kodi ya nyumba asidanganywe kwamba utulivu utamwokoa. Kasino hukata sehemu yake katika dau, na hukata kwa mtulivu kama inavyokata kwa mwenye hasira.