Maji ya Ngarambe na Haiba ya Kiongozi

Msafiri atokaye Kibiti akashika njia ya kusini, akapita Ikwiriri na kuuvuka mto Rufiji juu ya daraja la Mkapa, hufika Mohoro, pembezoni mwa delta, ambako tarehe 4 Agosti 1905 Wajerumani walimnyonga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe. Nimtajapo mtu huyu katika mazungumzo ya uongozi, wengi hukumbuka dawa yake ya vita tu, yale maji yaliyochanganywa na mafuta ya mbarika na punje za nafaka. Nami huona wameliacha lililo kubwa, maana mtu asiye na cheo, askari wala mali, akawafanya Wamatumbi, Wangindo na watu wa bonde la Rufiji wafunge safari makundi kwa makundi kumjia, ni darasa kwa kila atakaye kujua haiba ni nini.

Max Weber, mtaalamu wa Kijerumani wa elimu ya jamii, katika kitabu chake kikuu kilichotolewa 1922, baada ya kufa kwake, alifundisha kwamba haiba ya kiongozi husimama juu ya kukubaliwa na wamfuatao, na siku watakapoacha kuitambua, imekwisha. Basi yafaa tuulize watu wa 1904 waliona nini kwa Kinjikitile, aliyesemekana kuzama kidimbwini kwa nguvu ya pepo Hongo, akaibuka kesho yake nguo zake zikiwa kavu.

Pamba ya serikali ilikuwa imewatia dhiki. Kila mwanamume alitakiwa afanye kazi siku 28 kwa mwaka katika shamba la jumbe, ilhali shamba lake mwenyewe likiingia magugu, na ujira ulikuwa hafifu hata wengine wakaukataa. Na aliyechelewa alichapwa kiboko hadharani. Nadhani jeraha kubwa hapo lilikuwa fedheha kuliko njaa. Kinjikitile aliwaambia kwamba wao wote ni wamoja, na kwamba wafu wao hawakupotea. Kwa maneno hayo aliwarudishia heshima kabla hajawaahidi ushindi. Wataalamu Salovey na Mayer wa Marekani waliieleza sifa ya kusoma mioyo ya watu namna hiyo mwaka 1990 kwa jina la akili ya hisia, yaani uwezo wa kuzitambua hisia za nafsi yako na za wenzio, kuzipambanua, na kuzitumia kuongoza fikra na vitendo.

Lakini aliwaamuru pia warudi makwao, wajizoeze kivita, wangoje neno lake, na neno hilo halikuja. Mwishoni mwa Julai 1905 watu wa Nandete, katika vilima vya Umatumbi, waliingia shambani wakang'oa miche ya pamba kwa mikono, na kwa kitendo hicho vita vya Maji Maji vikatangazwa. Simlaumu kwa wepesi. Hata hivyo naamini kwamba aliyeweza kuisoma fedheha ya watu wake hakuipima sawasawa ghadhabu aliyoiamsha, wala hakuweka kati yake na Nandete mtu wa kumletea habari kwamba subira imekwisha. Vita viliendelea hata 1907. Wajerumani wenyewe walikiri vifo 75,000, na wako wanahistoria wapandishao hesabu hadi karibu laki tatu.

Haiba ya namna hiyo ilionekana tena nusu karne baadaye. Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa ngoma Dar es Salaam, alipotakiwa kuwaingiza wanawake katika chama cha TANU mwaka 1955, aliwaendea kwanza viongozi wa vikundi vya ngoma, ambao wenzao walikuwa wamekwisha kuwaamini, na kwa miezi michache tu akapata wanachama wapatao 5,000. Sauti yake iliitikisa Tanganyika nzima. Mwaka 1965, akiwa na jina hilo lote, alisimama kuomba kura Rufiji, kwa watu ambao baadhi ya wazee wao walipata kwenda Ngarambe kwa miguu. Wakamsikiliza, kisha wakamchagua mtu mwingine.