Pho: Supu ya Vietnam ambayo viungo vyake vingi viko sokoni Tengeru

Asubuhi mjini Arusha, kuanzia Kilombero hadi Mbauda, watu hukaa kwenye mabenchi na bakuli la supu ya ng'ombe, ndimu pembeni, pilipili na chapati. Huko Hanoi, mji mkuu wa Vietnam, saa kama hizo watu nao wanakaa kwenye vigoda vifupi kando ya barabara wakinywa supu ya ng'ombe yenye ndimu na pilipili. Supu hiyo inaitwa pho. Hutamkwa karibu na "fa", sauti ikipanda kidogo mwishoni kama mtu anayeuliza.

Msikilizaji, nchi hiyo si ngeni kwetu. Mtandao wa simu wa Halotel, ulioanza kutoa huduma Tanzania mwaka 2015, ni wa kampuni ya Viettel ya Vietnam. Korosho ghafi za Mtwara na Lindi nazo kwa kiasi kikubwa hununuliwa na viwanda vya huko. Chakula chao ndicho hatukijui, na wengi tunakiogopa kwa kusikia tu.

Pho ilitoka wapi

Pho ilianza kaskazini mwa Vietnam, maeneo ya Hanoi na Nam Dinh, mwanzoni mwa miaka ya 1900. Wakati huo nchi ilitawaliwa na Wafaransa. Wenyeji walifuga ng'ombe na nyati hasa kwa kulima, lakini Wafaransa walitaka nyama. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba mifupa iliyobaki buchani iliuzwa kwa bei ndogo, na wachuuzi wakaichemsha kwa muda mrefu na kuitia tambi za mchele.

Mwaka 1954 nchi iligawanywa, na watu wanaokaribia milioni moja wakahamia kusini. Pho ikaenda nao. Kusini ikawa tamu zaidi, ikaongezewa sahani ya majani mabichi na choroko zilizochipua. Baada ya vita kuisha mwaka 1975, wakimbizi waliipeleka Marekani, Ufaransa na Australia. Ndiyo maana ndugu yako aliyeko Houston anaweza kuipata karibu na kwake kuliko wewe.

Kwa hiyo pho halisi si moja. Kila ilipofika ilipokea majani ya mahali hapo. Kilichobaki vilevile ni mchuzi wa mifupa uliochemshwa taratibu kwa saa nyingi. Ukiletewa maji ya vidonge vya supu yenye tambi, hata kama kwenye menyu imeandikwa pho, hiyo siyo.

Ukisafiri, shika maneno haya

Wasiwasi mkubwa wa msafiri ni kula asichokijua. Kwenye hoteli ya Kivietnam, popote duniani, maneno machache yanakutosha. Bò ni ng'ombe, gà ni kuku, cá ni samaki. Nguruwe ana majina mawili: heo kusini na lợn kaskazini. Chay ni chakula kisicho na nyama.

Muhimu zaidi ni maneno mawili ya nyama ya kwenye pho. Tái ni nyama mbichi iliyokatwa nyembamba na kumwagiwa mchuzi wa moto, hivyo haiivi vizuri. Chín ni nyama iliyoiva kabisa. Omba chín. Nyama isiyoiva inaweza kukuachia minyoo ya tegu, na hilo ni kweli Hanoi kama lilivyo kweli Arusha.

Kwa Waislamu, usitosheke na neno bò, kwa sababu halikuambii ng'ombe amechinjwa vipi. Tafuta hoteli yenye alama ya halali. Katika jiji la Ho Chi Minh zipo, na nchi hiyo ina Waislamu wake wa asili, wakiwemo wa kabila la Wacham.

Ukipika nyumbani

Angalia viungo vya mchuzi: mdalasini, karafuu, iliki, mbegu za giligilani na tangawizi. Vingi ni vilevile vya pilau. Kigeni ni kimoja, tunda kavu lenye umbo la nyota ya ncha nane. Liulizie kwenye maduka ya viungo mjini. Ukilikosa, supu bado itanukia vizuri.

Chukua kilo 2 za mifupa ya ng'ombe na nusu kilo ya nyama, kutoka bucha yenye nyama iliyopigwa muhuri. Chemsha mifupa dakika 10, mwaga maji hayo pamoja na povu, kisha isuuze. Hatua hii ndiyo inayofanya mchuzi uwe mwangavu. Choma vitunguu 2 na kipande cha tangawizi juu ya makaa mpaka viungue kidogo nje. Weka kila kitu kwenye sufuria na lita 5 za maji, pamoja na vijiti 2 vya mdalasini, karafuu 4, iliki 3 na kijiko kimoja cha giligilani, vikiwa vimefungwa kwenye kitambaa safi.

Acha ichemke taratibu saa 4 hadi 6. Nyama itoe ikiiva. Mkaa ni ghali, kwa hiyo pika siku unayochemsha makande au maharage, moto utumike kwa vyote viwili.

Wavietnam hutia chumvi kwa mchuzi wa samaki uitwao nuoc mam, unaotokana na dagaa wa baharini waliolazwa kwenye chumvi kwa takriban mwaka mmoja. Badala yake, chemsha kiganja cha dagaa wakavu katika kikombe cha maji ya chumvi, chuja, kisha ongeza kijiko kimoja kimoja huku ukionja. Haitakuwa sawa kabisa, lakini inakaribia.

Weka tambi kwenye bakuli, nyama iliyoiva juu yake, mwaga mchuzi wa moto. Tambi za mchele hupatikana kwenye baadhi ya supamaketi. Mezani weka giligilani, majani ya vitunguu, nanaa, ndimu na pilipili. Hivyo vyote utavikuta Tengeru siku ya gulio, Jumatano au Jumamosi. Vioshe kwa maji safi kwa sababu vinaliwa vibichi.

Tahadhari ya maji ya Meru

Jambo hili halimo kwenye mapishi ya Hanoi, lakini kwetu ni la lazima. Chemchemi na visima vingi kuzunguka Mlima Meru vina floraidi nyingi, ile inayofanya meno ya watoto kuwa ya kahawia na, ikizidi sana, kupinda mifupa. Kuchemsha hakuiondoi. Maji yanapopungua sufuriani kwa saa 5, floraidi inabaki na mchuzi unakuwa nayo zaidi. Kwa supu yoyote ya muda mrefu, iwe ya Vietnam au ya kwetu, tumia maji ya mvua au ya chanzo kinachojulikana kuwa na floraidi kidogo. Usisahau kufunika sufuria.

Kwa mama lishe, hapa kuna la kujaribu pia. Mifupa unayo, wateja wa supu unao, na majani yanalimwa jirani. Anza na sufuria moja siku moja ya wiki, uone wateja wanasemaje. Na mkulima wa giligilani na nanaa, ukimwona mama huyo ameanza, mpelekee fungu moja aonje.