GARI LIMETOKA GEREJI: JE, LIMEPONA?



Wahenga walisema: dalili ya mvua ni mawingu. Gari nalo lina dalili zake. Kabla ya gurudumu kuchomoka, gari husema. Husema kwa kuvuta upande, kwa kutetemeka, kwa kugonga na kwa kula matairi. Somo hili litakufundisha kuzisikia dalili hizo.

Huenda wewe si fundi wala dereva. Lakini huenda wewe ni mjumbe wa kamati ya ushirika wenye gari, au unalipa nauli na kupanda nyuma pamoja na magunia yako. Mgonjwa wa kijijini akizidiwa usiku, gari hilo ndilo litakalompeleka hospitali. Kwa hiyo ni haki yako kujua kama ni zima.

1. RANGI MPYA SI AFYA

Tuchukue mfano. Pikapu ya ushirika imeteleza kwenye matope. Gurudumu la mbele la kushoto limegonga jiwe la kalavati. Madigadi imebonyea na taa imevunjika. Gari linapelekwa gereji. Baada ya wiki mbili linarudi likiwa na taa mpya, madigadi imenyooshwa na rangi inang'aa. Kamati inafurahi na kulipa.

Siku ya tatu dereva anasema, "Gari linavuta kushoto." Anaambiwa, "Utalizoea." Baada ya miezi michache, matairi ya mbele yamelika upande wa ndani mpaka nyuzi zinaonekana. Kamati inanunua matairi mapya. Hayo nayo yanalika.

Kosa liko wapi? Jiwe halikugonga madigadi peke yake. Liligonga gurudumu. Gurudumu likasukuma mkono wa chuma unaolishika, na mkono ukapinda. Fundi alitengeneza kinachoonekana. Kilichojificha hakukitazama. Kamati imenunua matairi mara mbili, na ugonjwa bado upo.

2. VIUNGO VYA GURUDUMU

Gurudumu halikufungwa kwenye gari kwa kitu kimoja. Vitu vingi hushirikiana:

Rimu ni chuma cha duara kinachobeba tairi.

Beringi ni gololi au vyuma vidogo vinavyofanya gurudumu lizunguke kwa urahisi.

Springi hubeba uzito wa gari na kupunguza mshindo wa mashimo. Nyuma ya pikapu nyingi, springi ni mabapa ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine.

Shokomzoba, ambayo wengi huiita shokapu, huzuia springi isiendelee kurukaruka.

Mikono ya chuma hulishika gurudumu la mbele mahali pake. Ncha zake zina bushi za mpira na viungo vya mviringo, mfano wa nyonga ya mtu. Mafundi huviita boli jointi.

Tairodi ni fimbo ya chuma inayolisukuma gurudumu likate kona dereva anapozungusha usukani.

Chasisi ni uti wa mgongo wa gari. Vyote hivi vimefungwa juu yake.

Ajali inaweza kupinda au kulegeza chochote kati ya hivi.

3. KUPINDA KIDOGO NI HASARA KUBWA

Mtu anaweza kusema, "Gurudumu limepinda kidogo tu. Kuna shida gani?" Tupige hesabu.

Tuseme gurudumu halitazami mbele sawasawa. Limegeuka kwa digrii 1 tu. Jicho haliwezi kuliona kosa hilo kwa urahisi. Lakini gari likienda kilomita 1, gurudumu hilo huburutwa kiubavu kiasi cha mita 17. Likienda kilomita 100, huburutwa mita 1,700 na zaidi. Huko ni sawa na kulisugua tairi kwenye barabara kwa mwendo wa zaidi ya kilomita moja na nusu. Ndiyo maana tairi jipya huisha upesi. Mafuta pia hupotea, maana injini inavuta gari linalojizuia lenyewe.

4. DALILI NA MAANA YAKE

Gari linavuta upande mmoja. Kwanza pima upepo wa matairi. Tairi lenye upepo mdogo huvuta gari upande wake. Kumbuka pia kwamba barabara nyingi zimeinuka katikati ili maji yatiririke pembeni. Katika Tanzania, Kenya na Uganda tunaendesha kushoto, kwa hiyo gari zima pia huweza kwenda kushoto kidogo. Lijaribu mahali tambarare pasipo na watu wala magari.

Kama bado linavuta, badilisha matairi ya mbele: la kushoto liende kulia, la kulia liende kushoto. Yakiwa na mshale wa kuonyesha upande wa kuzunguka, usifanye hivyo. Je, sasa gari linavuta upande mwingine? Basi ubovu ni wa tairi. Je, linavuta upande uleule? Basi ubovu ni wa gari: breki inashika, au mkono umepinda, au magurudumu hayatazami mbele sawasawa.

Linavuta wakati wa kufunga breki tu. Tazama breki kwanza. Baada ya safari, peleka mgongo wa mkono karibu na kila rimu, lakini usiguse. Rimu moja ikiwa na joto kali kuliko zote, huenda breki yake haiachii.

Usukani umekaa upande ingawa gari linakwenda moja kwa moja. Huenda tairodi imepinda, au imefungwa bila kupimwa.

Usukani unatetemeka gari likikimbia. Huenda gurudumu halina mizani, au rimu imepinda. Likicheza hata kwa mwendo mdogo, simama mara moja. Tazama nati za gurudumu.

Sauti ya kuvuma inayozidi mwendo ukizidi, na kubadilika gari likikata kona. Mara nyingi hiyo ni beringi.

Sauti ya kugonga kwenye mashimo. Tazama bushi, boli jointi na shokomzoba.

Gari limelala upande mmoja bila mzigo. Huenda springi imekatika au imelegea.

5. SOMA TAIRI KAMA KITABU

Tairi huandika habari za gari. Lisome hivi:

Limelika katikati: upepo umezidi.

Limelika kingo zote mbili: upepo ni mdogo.

Limelika upande mmoja tu: gurudumu limelala, au halitazami mbele sawasawa.

Lina mabonde mabonde: shokomzoba imechoka, au gurudumu halina mizani.

6. VIPIMO UNAVYOWEZA KUFANYA KIJIJINI

Kwanza, usalama. Simamisha gari mahali tambarare, pagumu. Vuta breki ya mkono. Zuia magurudumu yanayobaki chini kwa mawe au vipande vya mbao. Ukiliinua kwa jeki, weka chini ya chasisi kigogo imara cha mti mgumu. Usitumie matofali, maana hupasuka ghafla. Usiingie kamwe chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Jeki ni ya kuinulia tu. Haikutengenezwa kumlinda mtu aliye chini ya gari.

Kipimo cha kubonyeza. Bonyeza pembe moja ya gari kwa nguvu, kisha achia. Inapaswa kupanda na kutulia. Ikiendelea kurukaruka, shokomzoba ya pembe hiyo haifanyi kazi.

Kipimo cha kutikisa. Inua gurudumu la mbele. Lishike juu na chini, ulitikise. Halafu lishike kushoto na kulia, ulitikise tena. Likicheza juu na chini, mwambie mwenzako akanyage breki. Mchezo ukiisha, ubovu ni wa beringi. Ukiendelea, tazama boli jointi. Likicheza kushoto na kulia tu, tazama ncha za tairodi.

Kipimo cha kijiti. Gurudumu likiwa bado juu, simika kijiti ardhini, ncha yake iwe karibu na ukingo wa rimu. Zungusha gurudumu polepole. Nafasi kati ya kijiti na rimu isibadilike. Ikipanuka na kubana, rimu imepinda.

Kipimo cha kamba. Shusha gari, nyoosha usukani. Pima kwa kamba kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma, upande wa kulia. Funga fundo. Peleka kamba ileile upande wa kushoto. Kwa magari mengi, vipimo viwili vinapaswa kulingana, au kupishana kwa milimita chache tu. Katika mfano wetu, kushoto kumepungua sentimita 2. Gurudumu limerudishwa nyuma na lile jiwe. Hapo ndipo siri inapofichuka.

Lakini soma kwanza kitabu cha gari lako. Yapo magari machache yaliyoundwa yakiwa na tofauti. Renault 4, gari la Kifaransa lililoanza kutengenezwa mwaka 1961, lilikuwa na tofauti ya karibu sentimita 5 kati ya kulia na kushoto. Hilo halikuwa gonjwa. Ndivyo lilivyoundwa.

Kipimo cha chaki. Weka alama ya chaki katikati ya kila tairi la mbele, upande wa nyuma, kwenye kimo cha katikati ya gurudumu. Pima umbali kati ya alama hizo mbili. Sukuma gari mbele polepole mpaka alama zifike upande wa mbele, kwenye kimo kilekile. Pima tena. Tofauti iwe milimita chache tu, kama kitabu cha gari kinavyosema. Mbele kukiwa kupana mno, matairi yatalika ndani. Mbele kukiwa kwembamba mno, yatalika nje.

Kipimo cha nyayo. Mwaga maji kwenye ardhi ngumu, tambarare. Dereva apite juu ya maji moja kwa moja, polepole, mpaka kwenye pakavu. Tazama nyayo. Matairi ya nyuma yafuate ya mbele kwa namna ileile kulia na kushoto. Nyayo za nyuma zikijitokeza upande mmoja, gari linatembea kiubavu kama kaa. Huenda ekseli ya nyuma imehama kwenye springi zake, au chasisi imepinda.

7. FUATA MPANGO

Haraka haraka haina baraka. Ukianzia mwisho utapoteza fedha. Anza hivi:

(a) Upepo na hali ya matairi.
(b) Nati na rimu.
(c) Breki inayoshika.
(d) Beringi, bushi, boli jointi na tairodi.
(e) Springi na shokomzoba.
(f) Chasisi na mikono iliyopinda.
(g) Mwisho kabisa, kupima mwelekeo wa magurudumu kwa mashine. Mafundi huita alaimenti.

Kwa nini alaimenti iwe mwisho? Kwa sababu mashine haiponyi chuma kilichopinda. Ukipima gari lenye kiungo kilicholegea, kipimo kitaharibika kwenye shimo la kwanza.

8. MAMBO YA KUKATAA

Usikubali mkono, tairodi au springi iliyopinda ichomwe moto na kunyooshwa, wala iungwe kwa kuchomelea. Chuma hicho kina ugumu wake maalumu, na moto huuharibu. Kinaweza kuonekana kizuri leo, kikakatika kesho mlimani, gari likiwa limejaa watu. Kibadilishwe.

Usikubali nati moja ya gurudumu ikosekane. Nati zikazwe kwa kuruka kutoka upande mmoja kwenda wa pili, zisikazwe kwa kufuatana. Baada ya kilomita 50 hadi 100, zikazwe tena.

Usikubali neno "utalizoea". Dereva anaweza kuzoea. Chuma hakizoei.

9. KALAMU NI CHOMBO CHA KAZI

Sasa unajua kusoma na kuandika. Tumia ujuzi huo. Kamati iwe na daftari la gari. Kabla ya gari kwenda gereji, andikeni: limegonga nini, gurudumu gani, na dalili gani zimeonekana. Dereva asiseme tu, "Gari bovu." Aseme, "Linavuta kushoto hata bila breki."

Gari likirudi, someni hati ya malipo mstari kwa mstari. Kila kifaa kipya kimeandikwa? Kifaa cha zamani kimerudishwa mkione? Karatasi ya vipimo vya alaimenti ipo? Fanyeni vipimo vya kijijini kabla ya kulipa fedha yote. Mwiteni fundi naye atazame. Fundi mwema hatachukia. Atafurahi kupata wateja wanaojua wanachokitaka.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Bushi ni ya bei ndogo. Maisha ya watu hayana duka.

MASWALI

1. Kwa nini matairi mapya ya ushirika yalilika tena?
2. Gurudumu linacheza juu na chini. Mtu akikanyaga breki, mchezo unaisha. Kipi ni kibovu?
3. Kwa nini alaimenti hufanywa mwisho?
4. Gurudumu lililogeuka digrii 1 huburutwa mita 17 kwa kila kilomita. Je, kwa safari ya kilomita 40 litaburutwa mita ngapi?

KAZI YA DARASA

Tafuteni gari lolote lililopo kijijini. Ombeni ruhusa kwa mwenyewe. Someni matairi yake yote manne na mwandike kila mmoja alichokiona. Kisha linganisheni majibu yenu.