Jiwe zito linalong'aa Mpanda: Ni fedha, risasi au 'binamu' yake adimu?

Ukipita kwenye maduara ya wachimbaji wadogo mkoani Katavi, si ajabu kukuta mtu ameshika jiwe la kijivu linalong'aa kama chuma kilichopigwa msasa. Ukilipokea mkononi unashtuka, maana ni dogo lakini zito ajabu. Hapo ndipo maneno yanapoanza. Huyu anasema ni fedha, yule anasema ni risasi, na dalali aliyesimama pembeni anasema ni "madini adimu" ambayo yeye peke yake anajua pa kuyauza.

Mara nyingi jiwe la namna hiyo ni galena, yaani madini ya risasi na salfa. Lakini galena ina binamu anayefanana nayo karibu kwa kila kitu, ila ni adimu sana. Anaitwa klausthaliti. Tofauti yao ni elementi moja tu: kwa galena risasi imeungana na salfa, kwa klausthaliti imeungana na seleni.

Mpanda ilijengwa na risasi

Kwa wakazi wa Mpanda, galena siyo ngeni. Mgodi wa Mukwamba, uliokuwa chini ya kampuni ya Uruwira Minerals, ulichimba risasi miaka ya 1950, pamoja na shaba, fedha na dhahabu kidogo iliyokuwa ndani ya mwamba huohuo. Reli ya kutoka Kaliua hadi Mpanda, kilomita zipatazo 210, ilifunguliwa mwaka 1950 kwa ajili ya kuusafirisha mzigo huo. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, lakini mji ulibaki na reli ikabaki. Mwaka 2012 Mpanda ikawa makao makuu ya mkoa mpya wa Katavi.

Leo wachimbaji wengi wanatafuta dhahabu na shaba. Hata hivyo miamba ni ileile, na dhahabu ya Mpanda mara nyingi hukaa jirani na galena. Ndiyo maana jiwe hili zito linaendelea kujitokeza.

Seleni ni nini?

Seleni iligunduliwa mwaka 1817 na mkemia wa Sweden, Jöns Jacob Berzelius. Aliikuta kwenye tope jekundu lililobaki baada ya kutengeneza tindikali ya salfa. Mwanzoni alidhani ni teluri, elementi iliyopewa jina la dunia. Alipogundua ni kitu kingine kinachofanana nayo, akakipa jina la mwezi, ambao kwa Kigiriki huitwa Selene.

Kwenye jedwali la elementi, seleni ni namba 34 na ipo moja kwa moja chini ya salfa, ambayo ni namba 16. Elementi za safu moja huwa na tabia zinazokaribiana. Kwa hiyo mahali ambapo salfa inaweza kukaa ndani ya jiwe, seleni nayo inaweza kuingia.

Tatizo ni wingi. Katika miamba ya dunia, salfa ni nyingi kuliko seleni kwa maelfu ya mara. Pale salfa ilipojaa, seleni huingia kama mgeni wachache ndani ya madini ya salfa, bila kuunda madini yake yenyewe. Ili selenaidi izaliwe, yaani madini ya metali na seleni, lazima salfa ipungue au izuiwe. Hilo hutokea pale maji ya moto ya chini ya ardhi yanapokuwa na oksijeni ya kutosha kuigeuza salfa kuwa salfeti. Salfa ikishajifunga huko, seleni inabaki huru kushikana na risasi, shaba, fedha au zebaki. Hali kama hiyo haipatikani kila mahali, ndiyo sababu selenaidi ni chache.

Zinafananaje?

Hebu tuziweke galena na klausthaliti safi kwenye mizani.

- Uzito: Kipande cha galena chenye ujazo wa lita moja kina karibu kilo 7.6. Cha klausthaliti kinazidi kilo 8 kidogo. Jiwe la kawaida jeupe la kwatzi lina kilo 2.65 tu.
- Ugumu: Zote ni laini, karibu 2.5 kwenye kipimo cha Mohs. Sarafu ya shaba inazikwaruza.
- Rangi: Zote ni za kijivu cha risasi. Klausthaliti ina ubluu kidogo.
- Mstari: Ukizisugua nyuma ya taili isiyo na mng'ao, zote huacha mstari wa kijivu kinachoelekea weusi.
- Mpasuko: Ukizipiga nyundo, zote hupasuka kwa pembe mraba, kama vijisanduku.
- Risasi iliyomo: Galena ina asilimia 86.6 ya risasi kwa uzito. Klausthaliti ina kama asilimia 72.4, na inayobaki ni seleni.

Kwa macho na mikono hata mtaalamu hawezi kuapa. Mawe ya porini hayawi safi, na uchafu kidogo wa kwatzi unatosha kuvuruga tofauti ya uzito.

Nani anatoa jina?

Kwenye mpangilio wa kimataifa wa madini, galena na klausthaliti ziko kundi moja. Wanasayansi huweka salfaidi, selenaidi na teluraidi kwenye tabaka moja kubwa, kwa sababu zimejengwa kwa namna inayofanana. Ndani ya kundi la galena kuna pia altaiti, ambayo ni risasi na teluri. Atomi za zote tatu zimepangwa kama za chumvi ya mezani: moja ya huku, moja ya kule, kwa mistari iliyonyooka.

Sasa, jiwe likiwa na salfa na seleni kwa pamoja, linaitwaje? Kanuni ni kama kikao cha ukoo: walio wengi ndio wanaotoa jina. Kwenye nafasi zile ambazo salfa na seleni hugombania, salfa ikizidi nusu, jiwe ni galena yenye seleni. Seleni ikizidi nusu, ni klausthaliti. Jina hilo limetokana na Clausthal, mji wa milima ya Harz nchini Ujerumani, na limekuwa likitumika tangu mwaka 1832.

Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika

Kwa upande wetu huu wa Afrika, selenaidi maarufu zaidi zimetoka Kongo, kwenye mgodi wa shaba na kobalti wa Musonoi huko Kolwezi, eneo ambalo Kiswahili kinazungumzwa mitaani. Huko ndiko duniani kote zilikotambuliwa kwa mara ya kwanza ostaboskiti, mwaka 1970, na verbekiti, mwaka 2002. Ya kwanza ni paladi, shaba na seleni. Ya pili ni paladi na seleni tu. Majina yanawaenzi Robert Oosterbosch na Théodore Verbeek, waliofanya kazi kwenye jiolojia na madini ya Katanga.

Paladi ni metali ya bei kubwa, inayotumika kusafisha moshi wa magari. Je, selenaidi hizi ni utajiri? Hapana. Punje zake ni ndogo mno, huonekana vizuri kwa hadubini. Thamani yake kubwa ni ya elimu, kwa kuwa zinaeleza jinsi metali zilivyosafiri ndani ya mwamba.

Hata seleni inayotumika viwandani, kwenye vioo, sola na virutubisho vya mifugo, haichimbwi kutoka kwenye selenaidi. Kwa sehemu kubwa hupatikana kwenye tope linalobaki wakati wa kusafisha shaba.

Hatari iko nyumbani

Wazee wa jiolojia walikuwa na njia yao: walichoma kipande cha jiwe, na likitoa harufu ya kabeji iliyooza, walijua kuna seleni. Usijaribu. Moshi huo una sumu. Tindikali nayo ni hatari, kwa sababu ikikutana na baadhi ya selenaidi hutoa gesi yenye sumu kali kuliko moshi wenyewe.

Lakini kwa Mpanda hatari iliyo karibu zaidi ni risasi. Mwaka 2010, katika jimbo la Zamfara nchini Nigeria, familia zilikuwa zikisaga majumbani mbale ya dhahabu iliyochanganyika na risasi. Vumbi liliingia kwenye ardhi ya uani, kwenye chakula na mikononi mwa watoto. Zaidi ya watoto 400 walikufa. Wengi walikuwa chini ya miaka mitano, na dalili mojawapo ilikuwa degedege.

Somo lake ni rahisi. Mbale yenye jiwe la kijivu linalong'aa isipondwe wala kusagwa nyumbani. Karasha iwe mbali na makazi, kinu cha chakula kisiguswe, na nguo za kazi zisiingie chumbani. Kunawa kabla ya kula au kumbeba mtoto ni lazima. Aliyekwisha kukaa kwenye vumbi hilo na ana maumivu ya tumbo au uchovu usioisha, aende hospitali na aseme wazi kazi anayoifanya, ili daktari afikirie risasi mapema.

Kabla ya kuuza

Jibu la uhakika linatoka maabara. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, GST, iliyopo Dodoma, hupima sampuli za wananchi. Kipimo cha kemikali huonyesha elementi zilizomo, na mashine ya eksirei huonyesha jinsi atomi zilivyopangwa. Vyote viwili vikikubaliana, jina linapatikana bila ubishi.

Kwa mchimbaji, swali la maana zaidi kuliko jina ni hili: ndani ya tani moja ya mbale kuna fedha na dhahabu kiasi gani? Galena mara nyingi hubeba fedha kidogo ambayo haionekani kwa macho, na ni karatasi ya vipimo pekee inayoweza kumsaidia kupanga bei. Ofisi ya Tume ya Madini ya mkoa ndiyo inayotoa maelekezo kuhusu leseni na mahali halali pa kuuzia.

Dalali akisema jiwe ni adimu lakini hataki lipimwe, mwenye jiwe anayo haki ya kulirudisha mfukoni.